Naomba ushauri: Toyota Aqua yangu inakata nguvu kwenye tope, shida ni gari au mimi?

Ticha wa Milimani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Lushoto. Lami ikiisha, nyumbani bado kilometa sita za udongo mwekundu, na karibu na kufika kuna kilima chenye kona katikati. Kiangazi napanda vizuri tu. Tangu mvua zianze nimekwama mara tatu palepale.

Kinachonichanganya, haichimbi kama gari nyingine. Tairi za mbele zinazunguka kidogo, taa yenye picha ya gari inayoteleza inapepesa kwenye dashibodi, halafu nguvu inakata. Nakanyaga mafuta mpaka chini, injini inalia, gari imetulia kama haijaambiwa kitu. Ijumaa vijana wa kusukuma wamenila elfu kumi, na huku Probox imejaa kabichi hadi kwenye keria ikanipita! Fundi wa hapa anasema giaboksi ya hybrid (gari ya mafuta na umeme pamoja) imekufa. Kweli, au ananitafutia hela?

Kashata
Pole ticha. Panda kwa rivasi. Aqua inavuta mbele, ukiigeuza uzito unalalia tairi zinazovuta. Starlet yangu nilikuwa napandisha hivyo kila masika.

Fundi Umeme
Mkuu Kashata, kwa Starlet uko sahihi. Kwa Aqua itamtia aibu. Hybrid hii haina gia ya rivasi. Inarudi nyuma kwa mota ya umeme peke yake. Injini ikiwaka haisaidii kusukuma, tena kazi yake inaelekea kinyume. Betri ikiwa chini, kwenye mlima mkali utaishia njiani.

Ticha, giaboksi yako haijafa. Humo ndani hakuna klachi: injini na mota mbili zimeunganishwa kwa meno ya sayari (gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati), na mota kubwa imefungamana na tairi moja kwa moja. Tairi zikizunguka bure, mota nayo inapaa mizunguko. Zikikamata jiwe ghafla, kishindo chote kinarudi kwenye meno na mota. Ndiyo maana kompyuta ikiona tairi zinateleza inapunguza nguvu haraka, hata uwe umesimama juu ya pedali. Ukizidi kukanyaga, jibu ni lilelile.

Mdau wa Harrier
Uza hiyo, chukua Harrier hybrid ya foo wili. Tairi za nyuma zina mota yake, hata propela shafti ya kupeleka nguvu nyuma haina.

Ticha wa Milimani
Mdau, mshahara wa ualimu unaujua lakini? 😂 Fundi, nasikia kuna namna ya kuzima huo ulinzi, unakanyaga mafuta mara mbili gia ikiwa P (ya kuegesha), kisha N (huru), kisha P tena.

Fundi Umeme
Ipo, inafahamika sana kwa wenye Prius, hybrid nyingine ya Toyota. Ni hali ya matengenezo, imewekwa kwa ajili ya ukaguzi gereji. Ulinzi unazimika na tairi zitazunguka utakavyo. Ya kujinasua mita mbili tatu, sawa, kwa mguu mwepesi. Ukiizoea kupandia mlima, unachokiua ndicho kile kilichokuwa kinalindwa, na mfuko ni wako. Kwanza niambie, tairi za mbele zikoje?

Ticha wa Milimani
Nimetoka nje na tochi. Zile zile zilizokuja nazo kutoka Japani. Nikipitisha kidole katikati, mfereji siuoni.

Kashata
Hahaha! Tunahukumu giaboksi, kumbe ticha anatembelea vipara.

Fundi Umeme
Basi tumemaliza nusu. Weka mpya zenye mifereji ya maana, saizi ileile. Kilima kianze ukiwa tayari na mwendo, mguu utulie, usisimame kwenye kona. Tope likikuzidi, punguza upepo kidogo mbele, ukifika lami ujaze. Hiyo Probox isikuumize kichwa, nyingine ni foo wili.

Kushuka: weka gia ya B (ile ya kuzuia mwendo mteremkoni) kabla mteremko haujaanza, si katikati. Lakini B inazuia tairi za mbele tu, kwa hiyo panapoteleza sana nenda polepole zaidi ya unavyodhani.

Na kabichi usizipakie kwenye siti ya nyuma zikaziba tundu la hewa. Betri inapumulia pale.

Ticha wa Milimani
Mrejesho, wakuu. Nimefunga mbili mpya mbele, nyingine nasubiri mwisho wa mwezi. Jana imenyesha usiku kucha, asubuhi nimepanda. Kwenye kona taa imepepesa mara mbili, mkia ukacheza kidogo, nikaacha mguu vilevile, ikajivuta yenyewe mpaka juu. Wale vijana walikuwa wamekaa hapo na jembe lao. Nimewapungia mkono.