Naomba ushauri: bunduki inayouzwa mtandaoni, natakiwa kutanguliza laki nne

Mkulima wa Sikonge

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mkulima wa tumbaku na mahindi huku Sikonge, mkoani Tabora, na shamba langu la mahindi limepakana na msitu upande wa Ipole. Msimu uliopita nguruwe pori waliingia mara nyingi kiasi kwamba katika ekari nne sikufikisha magunia kumi, na mwezi uliopita fisi alitoa mbuzi wawili zizini sisi tukiwa tumelala. Moto, mbwa na kupiga madebe usiku kucha tumejaribu mpaka watoto wanasinzia darasani. Nimeona sasa ninunue shotigani ya mitutu miwili, kama aliyokuwa nayo marehemu baba yangu mkubwa.

Juma lililopita nilikuta ukurasa kwenye mtandao wa kijamii wenye picha nzuri za bunduki na bastola, ambao wenyewe wanadai wana stoo Kigoma mjini na kwamba hutuma mzigo kwa basi hadi Tabora. Shotigani wanauza laki tisa. Nitangulize laki nne kwa simu, zilizobaki nimalizie nikipokea. Nilipouliza habari ya leseni, walinijibu nisihangaike, kwa kuwa karatasi zote zinakuja ndani ya mzigo zikiwa na jina langu, mradi niwatumie picha ya kitambulisho changu cha taifa. Malipo ya tumbaku yameingia juzi na fedha ninayo, ila moyo unasita. Naomba mnieleze namna ya kumtambua muuzaji wa kweli mtandaoni, na njia ya malipo iliyo salama.

Mwana wa Ujiji

Kaka, usitume hata shilingi moja, na picha ya kitambulisho usiitume kabisa.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nafanya biashara ya dagaa, na wakati ule nilikuwa nasafiri na fedha taslimu, nikatamani bastola. Ukurasa niliouona mimi ulidai stoo iko Tabora, yaani kinyume cha huo wako. Naona sisi wa Kigoma huambiwa mzigo uko kwenu na ninyi mnaambiwa uko kwetu, ili asiwepo wa kutembea kwa miguu kwenda kuangalia. Nilituma laki tatu na nusu. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijathibitisha malipo lilikuwa la mwanamke, ilhali niliyezungumza naye alikuwa mwanamume. Nikaambiwa huyo ni mhasibu wao, nikaridhika. Kesho yake mzigo ukawa umezuiwa kizuizini njiani na inatakiwa laki mbili za bima, nikalipa. Siku ya tatu akapiga mtu mwingine, sauti nzito, akajitambulisha kuwa ni mpelelezi, akanisomea majina yangu matatu na namba ya kitambulisho changu, akasema jalada langu la kununua silaha bila kibali liko mezani kwake na linaweza kufungwa kwa laki nane. Kwa hofu nilituma tano, nikaomba msamaha kwa tatu zilizopungua. Ndiyo, nilimwomba msamaha mwizi.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu, hata mke wangu. Wanajua fika kwamba aliyetaka kununua silaha kwa njia ya panya hatakwenda kituoni kulalamika, na faida yao kubwa iko hapo, kwa kuwa ile fedha ya kwanza ni kama nauli tu. Baadaye nilipiga *106# kuangalia kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nashukuru sikukuta ngeni, lakini kwa miezi mingi kila simu ya namba nisiyoijua ilinifanya nitoke nje ya nyumba ndipo niipokee.

Mstaafu, Tabora mjini

Marahaba, mwanangu. Swali lako umelianza mwishoni. Unauliza ulipe kwa njia gani, wakati katika jambo hili fedha huja mwisho kabisa, baada ya kibali.

Nimelitumikia jeshi la polisi miaka mingi, sehemu yake nikiwa kwenye ofisi zinazopokea maombi haya, kwa hiyo nitakueleza yanavyokwenda. Unaanza na barua kwa serikali ya kijiji chako ukieleza unataka silaha ya aina gani na kwa sababu gani, na sababu yako ya shamba na mifugo ni ya kueleweka kabisa. Wanaokufahamu ndio wanaokujadili kwanza: kama wewe ni mlevi, mgomvi wa mipaka ya mashamba, au unampiga mkeo, kijiji kinajua kabla ya polisi kujua. Maombi yakipita hapo yanakwenda kwenye kata, yanafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, yanapitia kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya na ya mkoa, hadi kwenye usajili wa silaha makao makuu ya polisi. Utachukuliwa alama za vidole, utaulizwa silaha utaihifadhi wapi na kama unajua kuitumia. Ni safari ndefu, sikufichi, na wengi hukatia tamaa katikati. Hao ndio wanaonaswa na kurasa za namna hiyo.

Ukiidhinishwa, unakwenda mwenyewe kwenye duka la silaha lenye leseni ukiwa na kibali chako mkononi. Muuzaji wa halali anaandika kwenye daftari lake jina lako na namba iliyogongwa kwenye chuma cha bunduki, na namba hiyohiyo ndiyo inayoingia kwenye leseni yako, ambayo utaihuisha kila mwaka. Leseni inamfunga mtu mmoja na bunduki moja. Mwaka 2016, ulipofanyika uhakiki wa silaha nchini, kazi yenyewe ilikuwa hiyo ya kusoma namba kwenye chuma na kuilinganisha na karatasi. Sasa nieleze, karatasi inayosafiri ndani ya mzigo wa basi, iliyoandikwa na mtu asiyewahi kukuona, italinganishwa na daftari lipi?

Liko jambo lingine ambalo vijana hawalitazami. Umeogopa kwamba huenda hawana bunduki. Mimi naogopa zaidi kwamba huenda wanayo. Kigoma imepakana na Burundi na Kongo, nchi ambazo vita vyake vimesukuma silaha nyingi kuvuka mpaka pamoja na watu waliokuwa wakikimbia. Bunduki isiyo na historia inayosomeka huenda imeshaua mtu mahali, na siku itakapokamatwa zizini kwako, historia yake yote itaanza kusomwa kwa jina lako.

Wakili wa Manispaa

Naongezea kwa mzee wetu upande wa sheria. Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kumiliki silaha bila leseni kumewekwa pia katika jedwali la makosa ya uhujumu uchumi, ambako tangu marekebisho ya mwaka 2016 adhabu iliyotajwa ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi miaka 30. Linganisha miaka hiyo na nguruwe pori, kisha uamue.

Wengi pia hudhani kwamba ukinunua kwa mtu mwenye leseni, kwa mfano jirani aliyezeeka na hawezi tena kulinda shamba, leseni yake inahamia kwako pamoja na bunduki. Haihami. Na bunduki ya marehemu hairithiwi kama jembe. Familia inapaswa kuipeleka polisi, na anayeitaka aanze maombi yake mwenyewe. Nataja hili kwa sababu muuliza swali amemtaja baba yake mkubwa, na huku kwetu si nyumba moja wala mbili zenye gobore la babu darini.

Kwa ndugu yetu wa Ujiji: kujifanya ofisa wa polisi na kuchukua fedha za watu kwa vitisho ni makosa yanayojitegemea, na udanganyifu wa mtandaoni una Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hukupokea silaha yoyote. Nenda ukaripoti ukiwa na ujumbe wote na kumbukumbu za malipo, na ukiwa na hofu, nenda na wakili. Namba zilizotumika zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo ni namba ya kuripoti utapeli wa simu. Na mwenye kutuma fedha akagundua ndani ya dakika chache kwamba ametapeliwa, apige huduma kwa wateja ya mtandao wake papo hapo kuomba muamala uzuiwe, maana fedha ikishatolewa kwa wakala haina njia ya kurudi.

Mwalimu wa Kasulu

Mimi sina uzoefu wa silaha, ila nafundisha vijana matumizi ya kompyuta, na swali la namna ya kumtambua muuzaji limenigusa. Niliutafuta ukurasa unaofanana na huo uliotajwa, nikachukua picha tatu na kuzitafuta kwa njia ya picha kwenye intaneti. Mbili zimetoka kwenye maduka ya Marekani, na ya tatu ilikuwa imekatwa pembeni ili kuondoa jina la duka, lakini walisahau ukuta: soketi ya umeme iliyo nyuma ya bunduki ina matundu mawili membamba ya wima na moja la mviringo chini, ambayo si soketi ya nyumba yoyote ya Kigoma. Ukurasa wenyewe ulikuwa na majuma matatu tangu ufunguliwe, na maoni ya kusifu yote yaliandikwa siku moja.

Kuna pia wanaotuma cheti cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kama uthibitisho. Jina la biashara unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, na ni vizuri kulitafuta, lakini kusajili jina hakumpi mtu leseni ya kuuza silaha. Hata duka la nguo lina cheti hicho.

Wengine hujitetea kwamba Marekani watu hununua bunduki mtandaoni kama viatu, kwa nini sisi tusinunue. Hata huko sivyo wanavyodhani. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy mwaka 1963 ilikuwa imeagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago, kwa jina la uongo, na Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 ilifunga njia hiyo. Leo Mmarekani anayelipia bunduki kwenye tovuti ya duka la jimbo jingine haipokei mlangoni kwake, bali inatumwa kwa muuzaji mwenye leseni aliye karibu naye, ambako lazima afike mwenyewe, ajaze fomu na kumbukumbu zake zikaguliwe ndipo akabidhiwe. Facebook nayo ilipiga marufuku watu binafsi kuuziana bunduki kwenye kurasa zake tangu mwaka 2016. Kwa hiyo mtu anayeuza bunduki kwa ujumbe wa simu anavunja sheria ya nchi yetu, na mara nyingi hata masharti ya mtandao anaoutumia.

Mkulima wa Sikonge

Nawashukuru sana. Laki nne ziko salama, ingawa nakiri kwamba picha ya kitambulisho nilikuwa nimeshaituma kabla sijaandika hapa. Jana usiku nilipowaambia kwamba nimeghairi, walianza kunitisha kwamba watanipeleka polisi, kama alivyosimulia ndugu wa Ujiji, karibu neno kwa neno. Bila maelezo yake nadhani ningelipa. Nimezihifadhi jumbe zote na namba nimezituma 15040. Kesho nakwenda kituoni.

Barua ya kijiji nimeanza kuiandika. Ninalo swali moja tu kwa mzee: nikipata leseni, nitaruhusiwa kuwapiga hao nguruwe pori, au nalo lina kibali chake?

Mstaafu, Tabora mjini

Umefanya vyema, na huko kituoni waeleze na hilo la kitambulisho.

Leseni ya silaha si kibali cha kuwinda, mwanangu. Wanyamapori wana sheria yao, Na. 5 ya mwaka 2009, na nyama ya nguruwe pori ikikutwa jikoni bila maelezo utajibu swali jingine kabisa. Kabla hujamaliza barua, mwone ofisa wanyamapori wa wilaya umweleze hasara uliyopata, aje aione na kuiandika. Anaweza kuwatuma askari wanyamapori kuwafukuza, na maelezo yake ya maandishi yatakusaidia kijiji kitakapokuuliza kwa nini unataka bunduki. Zizi nalo libadilishe: fisi hupita chini ya boma la miiba palipolegea, kwa hiyo shindilia magogo chini kuzunguka pande zote, na mbuzi walale karibu na nyumba. Na katika barua usiandike tu kwamba unataka silaha kwa ajili ya ulinzi, kwa sababu kila mtu huandika hivyo. Andika ekari, magunia, tarehe ya mbuzi, na sanduku la chuma utakalofungia bunduki na nani atakuwa na ufunguo.

Mkulima wa Sikonge

Nimeelewa, mzee. Sanduku la chuma sina, itabidi nimwone fundi wa kuchomelea pale mjini. Ufunguo atakaa nao mama watoto, maana mimi hupoteza hata wa baiskeli.