Benki inadai ada juu ya kuleta asiransi yangu ya nyumba. Inafaa?

Mkaaji_Kenya
Bandugu, jambo. Benki imekubali mkopo wa nyumba hapa Lubumbashi: dola, miaka 5, ipoteki (nyumba ni dhamana) juu ya sertifika ya parseli. Hawakatai nijitafutie asiransi ya moto, lakini ofa ina mstari wa dola 100, «kuchunguza kontra ya nje». Asiransi yao ni 380 kwa mwaka, niliyopata ni 300. Nichukue yao tu?

Hesabu243
Uliza kwanza kama ada hiyo ni ya mara moja ao inarudi kila mwaka. Ya mara moja, pamoja na TVA ya 16%, ni 116. Yako inapunguza 80 kwa mwaka: mwaka wa kwanza unapoteza 36, wa pili umeisha kuzirudisha, na kwa miaka 5 unabakiwa na 284. Ikirudi kila mwaka, kaa kwa asiransi yao, maana 116 inakula ile 80 yote.

Angalia tena kama yao inalipwa kila mwaka ao inaongezwa kwenye mkopo siku ya kwanza. Ikiongezwa, utailipia riba, na 380 haitakuwa 380 tena. Na jibu lolote, waandike kwenye ofa kabla ya sahihi. Neno la mdomo la ajenti halitakusaidia.

Mama_Kontra
Ada si tatizo kubwa, papa. Kontra za nje zinarudishwa zaidi juu ya karatasi. Kampuni iwe na agrema (ruhusa ya kazi) ya ARCA, mamlaka inayosimamia asiransi Kongo: sheria ya asiransi ya tarehe 17 Machi 2015 iliondoa monopoli ya SONAS, kampuni ya serikali, kwa hiyo leo unaweza kuchagua. Omba avena, ni karatasi ya nyongeza ya kontra, inayotaja benki kuwa ya kwanza kulipwa mpaka deni liishe, na inayolazimisha kampuni kuijulisha benki kabla ya kuvunja kontra. Bila avena hiyo, benki inaweza kukukatia ya kwao, na utalipa mbili.

Jina na namba ya parseli viandikwe sawasawa na kwenye sertifika. Herufi moja ikikosekana, dosye inarudi.

Fundi_Devi
Hiyo 300 ni juu ya bei gani ya nyumba? Usiweke bei ya kuuza, maana kiwanja hakiungui. Weka gharama ya kujenga upya: matofali, mabati, mbao, umeme, kazi ya mafundi. Lakini usipunguze ili ulipe kidogo. Nyumba ya kujengwa upya kwa 60.000 ukiiandika 40.000, moto ukiharibu vitu vya 15.000, kontra nyingi zitakulipa 10.000 tu, na benki itachukua sehemu yake mbele yako.

Soma pia kama upepo unaong'oa mabati umo, na umeme unaorudi kwa nguvu na kuchoma vyombo. Mara nyingi hiyo ya umeme ni nyongeza ya kulipia, na huenda ndiyo sababu ya tofauti ya 80.

Mkaaji_Kenya
Aksanti sana. Ada ni ya mara moja, wamethibitisha kwa maandishi. Upepo umo, umeme hamna. Kontra ianze lini?

Mama_Kontra
Siku ile ile benki inatoa pesa, ao mbele yake. Risiti ya primu, yaani pesa ya asiransi, uipeleke pamoja na avena, maana kama hujalipa kontra haijaanza kukulinda.