Boti ya alumini futi 14 inavuja na ubao wa mashine umeoza: nianzie wapi?

Makila_Igombe

Habari za majukumu wadau. Nina boti ya alumini ya zamani, futi 14, upana wa nyuma futi 3 na nusu, kitako chake ni bapa. Bati ni la milimita 1.6 hivi na limeungwa kwa ribiti, halikuchomelewa. Nataka kuifufua hapa nyumbani Igombe iwe ya makila (nyavu) na migonzo (kamba za ndoano nyingi), si mbali na ufuko.

Hali yake ni hii: ikikaa majini saa moja inaingiza ndoo mbili za lita 20. Ubao wa nyuma wa kufungia mashine umeoza, bisibisi inazama bila kusukumwa. Ndani imepakwa lami, na chini ya sakafu kuna vitundu vyenye unga mweupe. Fomu (povu gumu la kuelea) iliyo chini ya viti imelowa.

Je, ribiti zote ning'oe niweke mpya, au nipeleke kwa fundi wa kuchomelea amalize kwa siku moja? Ubao wa nyuma niweke mbao gani? Na mashine ya nguvu farasi 15 itabebeka?

Fundi_Ribiti

Mkuu, kabla hujanunua chochote toa lami yote. Lami inaficha tundu tu. Maji yanapenya chini yake, yanatambaa na kutokea mbali, matokeo yake unaziba pasipovuja. Tena hakuna gundi wala rangi itakayoshika juu yake. Ikwangue alfajiri ikiwa baridi, inakatika vipande vipande. Tumia kipande cha mbao ngumu, si tindo. Mabaki yafute kwa mafuta ya taa, osha kwa sabuni, malizia na asetoni. Petroli usiitumie kusafishia sehemu ya kubandika gundi, inaacha mafuta. Na kostiki ya kutengenezea sabuni isiguse boti kabisa: inakula alumini yenyewe na kutoa gesi inayolipuka. Brashi ya waya iwe ya stenlesi. Ya chuma cha kawaida inaacha chembe za chuma kwenye bati, na vitundu vipya vitaanzia hapohapo.

Sasa kutafuta mvujo. Maji yakae ndani ya boti, wewe ukae chini yake. Iweke juu ya magogo manne yaliyolala chini ya mataruma (mbavu za boti), si chini ya bati tupu, kwa sababu maji ya kina cha sentimita 10 kwenye boti hiyo yana uzito wa karibu kilo 400. Kausha bati kwa nje, lipake unga wa chaki, kisha jaza sentimita 2 tu na usubiri nusu saa. Ribiti inayovuja itachora mstari kwenye chaki kuanzia kichwani pake. Zungushia alama kwa maka. Halafu ongeza hadi 5, halafu 10. Wengi wanajaza yote kwa mpigo. Mistari inaungana na hawajui tena mvujo umetokea wapi.

Usizing'oe ribiti zote. Nyingi zimelegea tu, na zinakazika. Mtu mmoja anabana kipande cha chuma kizito, kilo 2 au 3, kwenye kichwa cha ribiti kwa nje. Chuma hicho kiwe kimechimbwa kidogo kufuata umbo la kichwa, la sivyo kitakibapaza. Mwingine anagonga mkia kwa ndani kwa nyundo ya duara, mapigo matatu mpaka matano. Sauti itakuambia: ribiti iliyolegea inalia kwa mtetemo, iliyokaza inatoa mlio mkavu na mfupi. Ikigoma kukaza baada ya hapo acha, maana alumini ikigongwa sana inakakamaa na kupasuka.

Iliyokatika, au ambayo tundu lake limepanuka, ndiyo ya kubadilisha. Tia alama ya senta panchi katikati ya kichwa, toboa kwa biti ya milimita 4.5 kina cha kichwa tu, kidokoe kwa tindo, kisha sukuma mwili utoke. Biti ikipita mpaka kwenye bati tundu linakuwa yai, na ribiti ya duara haitaziba tundu la yai.

Urefu wa ribiti mpya: jumlisha unene wa vyote vinavyobanwa, ongeza kipenyo mara moja na nusu. Mfano, mabati mawili ya 1.6 na taruma la 2 ni 5.2, ribiti ya 4.8 inaongeza 7.2; unapata 12.4, basi nunua ya milimita 12. Mkia ukishagongwa vizuri unakuwa na upana wa milimita 7 na kimo cha 2.4. Mwembamba kuliko hapo haujashika, mpana sana umeshadhoofika. Kabla ya kuipachika ichovye kwenye Sikaflex (gundi ya mpira ya kuzuia maji). Ribiti za alumini zisizo na tundu waulizie mafundi wa mabodi ya malori pale Nyakato.

Pop riveti za kawaida za dukani zina tundu katikati, maji yanapita humohumo. Mahali ambapo mkono haufiki nyuma, tumia zile zilizozibwa mwisho, na msumari wake uwe wa alumini au stenlesi.

TIG_Kirumba

Naongezea kuhusu kuchomelea, kwa sababu hapo ndipo boti nyingi zinapoharibikia.

Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660, lakini ngozi ya oksidi iliyo juu yake inataka zaidi ya 2,000. Fundi asiyeijua anaongeza moto ili kuivunja ile ngozi, na chini yake bati limeshakuwa maji. Tena alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka; inaanguka ghafla na kuacha tundu la ngumi. Mashine ya kuchomelea mageti haifai. Inatakiwa TIG (mashine ya kuchomelea kwa ncha ya tungsteni) yenye mkondo wa AC na gesi ya agoni, na fundi aliyezoea bati jembamba.

Hata ukimpata fundi huyo, asichomelee vichwa vya ribiti. Joto linalegeza ribiti za jirani, unaziba moja unafungua nne. Na ndani ya maungio kuna mabaki ya lami, mafuta na unyevu; vyote vinachemka na kuacha weldi yenye matundu kama maandazi. Vile vijiti vya kuzibia sufuria kwa moto wa gesi navyo viache: vinashika vizuri mezani, vinaachia mashine ikianza kutetemesha boti.

Kama kuna ufa, toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha zake zote mbili ili usiendelee kutembea. Kisha weka kiraka cha alumini cha unene uleule, kipite ufa sentimita 5 kila upande, pembe zake uzikate duara. Ribiti zipishane sentimita 2.5, na zisikaribie ukingo kwa chini ya sentimita 1. Kati ya kiraka na bati paka Sikaflex eneo lote, si ukingoni peke yake. Usiweke silikoni: ikishagusa pale, rangi na gundi nyingine hazishiki tena. Bati la kuezekea nalo lisiwe kiraka, ni chuma, na pamoja na maji yatakula boti yako pembeni ya kiraka.

Vile vitundu vyenye unga mweupe vinatokana na mchanga uliolowa na kukaa chini ya sakafu bila hewa, pamoja na ndoano zilizodondoka humo zikaota kutu. Vikwangue mpaka uone alumini inayong'aa. Kisichopita upande wa pili jaza epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili). Kinachopita weka kiraka. Ukirudisha sakafu iwe ya kunyanyuka, uweze kuosha chini yake.

Makila_Igombe

Nashukuru sana wakuu, hii ya chaki sikuijua. Kwa ubao wa nyuma, nina mbao za paini zilizotiwa dawa, zile za kijani zilizobaki kwenye kuezeka. Haziozi upesi. Nikiunganisha mbili si zitafaa?

Mashine_Nansio

Hapana ndugu yangu, hizo zirudishe darini. Ule ukijani ni dawa yenye shaba, na shaba ikikaa na alumini kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Ubao utadumu, bati la nyuma litakuwa chujio. Kwa sababu hiyohiyo usipake kamwe rangi ya kuzuia ukungu iliyo na shaba, na usiache waya wa shaba wala sarafu chini ya boti. Na kwa wanaobeba mizigo ya upande wa Geita: zebaki ya kukamatia dhahabu isipande kwenye boti ya alumini. Tone moja likipenya penye mkwaruzo linavunja ile ngozi ya kinga na bati linaendelea kuoza lenyewe.

Chukua marine plaiwudi ya milimita 18, vipande viwili, upate 36. Dukani wengi wanaita marine chochote chenye rangi nyekundu, kwa hiyo omba kipande kidogo ukichemshe saa kadhaa. Matabaka yakiachana, gundi yake haihimili maji. Ubao wa zamani usiuvunje ovyo hata kama umeoza, ndio ramani yako. Uchore kwenye boksi pamoja na matundu yote.

Epoksi ya kilo moja na nusu inatosha: kuunganisha vipande viwili, kisha mikono mitatu pande zote. Kingo zipe mkono wa nne kwa kuwa mbao hunywa maji kupitia kingo. Changanya gramu 200 tu kwa mara moja na umimine kwenye sinia pana. Kwa joto la Mwanza, epoksi ikibaki kwenye kopo inajichemsha na kuganda kabla hujaimaliza.

Matundu ya bolti ndiyo yanayoozesha ubao mpya. Kama bolti ni ya milimita 8, toboa 12, jaza tundu lote epoksi, ikikauka toboa tena 8 katikati yake. Maji yakipita pembeni ya bolti yatakutana na epoksi, si mbao. Bolti ziwe za stenlesi, na kila moja ipakwe Sikaflex chini ya kichwa na kwenye washa. Kaza nusu, acha usiku mzima, kesho yake malizia. Ukikaza yote siku hiyohiyo gundi inakamuliwa nje, panabaki pakavu.

Kuhusu mashine, Marekani wana hesabu yao ya boti ndogo zisizo na kibao cha kiwango: zidisha urefu kwa upana wa nyuma, vyote kwa futi. Yako ni 14 mara 3.5, ni 49, ambayo inaangukia nguvu farasi 15. Lakini kwa kitako bapa chenye kona kali wanashusha daraja moja, yaani 10. Mimi ningefunga ya 9.9. Ya 15 inaweza kuisukuma, ila ubao wa nyuma na ribiti za pembeni yake ndizo zitakazolipa, na ukiongeza moto (kasi ya mashine) ghafla ukiwa peke yako pua itanyanyuka.

Pima kimo cha ubao kabla ya kukata. Mashine ya shina fupi inataka karibu sentimita 38 kutoka juu ya ubao mpaka chini ya boti, ya shina refu 51. Lile bapa lililo juu ya propela liwe sawa na kitako au chini yake kwa sentimita 2 hivi. Likiwa juu zaidi propela inavuta hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi.

Fundi_Ribiti

Naunga mkono, hasa hapo kwenye matundu ya bolti.

Fomu iliyolowa itoe yote, haikauki hata ukiianika mwezi mzima, na uzito wake unabeba siku zote. Fomu nyeupe ya kufungashia televisheni usiirudishie, petroli inaiyeyusha. Madumu ya lita 20 yaliyo mazima, vizibo vimebandikwa kwa gundi, yalazwe ubavu chini ya viti na kufungwa kwa mikanda yasichomoke. Kila moja linanyanyua karibu kilo 20. Weka sita, mawili yawe nyuma karibu na mashine, la sivyo boti ikijaa maji itasimama wima pua juu.

Rangi isikuchoshe. Kwa ndani alumini haihitaji rangi. Kwa nje ukitaka, piga msasa namba 80 kisha 120, futa kwa asetoni, na epoksi praima iingie saa hizohizo kabla ngozi ya oksidi haijanenepa. Praima ya asidi ya wapaka magari nayo inashika alumini, lakini usipake epoksi juu yake kama kopo haliruhusu, asidi inazuia epoksi kukauka. Kazi hii ifanye kati ya Juni na Septemba kama unaweza kusubiri, bati likiwa kivulini. Rangi ya zamani ikwangue kwa msasa wa maji na uvae barakoa, rangi nyingi za zamani zina risasi.

TIG_Kirumba

Swali la zinki, vile vipande vinavyofungwa ili viliwe badala ya boti, huwa linafuata, basi acha nilijibu kabisa. Vya zinki vinavyotumika Bahari ya Hindi havisaidii kwenye ziwa letu la maji baridi. Hapa ni magnesiamu. Ila kama boti unaivuta nchi kavu kila siku, huna haja navyo. Chenye haja zaidi ni nyaya: kama utaweka betri ya taa, chanya na hasi zote ziwe na waya wake mpaka kwenye betri. Usitumie mwili wa boti kuwa hasi, umeme utakula bati usiku ukiwa umelala.

Pia mwone afisa uvuvi wa halmashauri na watu wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kuhusu usajili na ukaguzi kabla ya kununua mashine, si baada.

Makila_Igombe

Nimewaelewa. Nikishamaliza Sikaflex nisubiri muda gani kabla ya kuishusha?

Mashine_Nansio

Siku saba. Inakauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, milimita 2 hadi 3 kwa siku ya kwanza, na baadaye inapunguza mwendo. Rudia kipimo cha chaki kwanza ukiwa nyumbani. Kikipita, ishushe bila mashine, watu wawili, ifungwe kamba ufukweni saa moja huku sakafu ikiwa imenyanyuliwa. Ndipo ufunge mashine na kuizungusha kwa moto mdogo nusu saa ukiangalia bolti za nyuma. Ukirudi nchi kavu zikaze tena zote.