Biti gani za kutobolea mninga? Nimeshaharibu milango miwili

Mwalimu wa Kihonda:

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, ufundi najifunzia uani kwangu hapa Kihonda, Morogoro. Mama watoto alitaka kabati la jikoni, nami nikajitia ubingwa: fundi wa nini wakati drili ninayo? Nikanunua mbao za mninga za inchi moja, nikazipeleka kwa jamaa mwenye mashine ya randa. Nilimwambia azilainishe tu, zikarudi milimita 16. Hilo nimesamehe.

Yaliyofuata ndiyo yanayonikosesha usingizi.

Kwanza, nina boksi la biti za rangi ya dhahabu, nilinunua elfu kumi na tano. Muuzaji aliniapia kwamba humo mna kila kitu. Nikachukua ya milimita 8, nikaanza kutoboa. Moshi! Jirani alichungulia juu ya ukuta akidhani tumewasha jiko la nyama. Tundu limeungua mdomo wote, na hapo hata nusu ya mbao sijafika.

Pili, nikasema basi skrubu nitazikaza moja kwa moja bila kutoboa, mbona kwenye mbao laini zinaingia. Ya kwanza ilipasua mbao mwishoni, ufa wa urefu wa kidole. Ya pili ilikatika shingo, kichwa kikabaki kwenye bisibisi na mwili umo ndani ya mninga mpaka leo.

Tatu, hizi bawaba za kisasa zenye kikombe cha milimita 35. Nilitumia ile biti bapa. Kikombe kilikuwa hakijatosha kina, nikaona kitone cheupe cha mwanga kwa mbele. Nimetoboa sura ya mlango.

Naomba mnielekeze biti za kununua. Hela ya majaribio imeisha.

Nawasilisha.

---

Dogo wa Mbagala:

Mwalimu, biti kwenye pakiti zinaitwa "jaribu na wewe". Pole lakini, huo mninga wa watu unauma roho 😂

---

Babu Patasi (Keko):

Mwalimu, pole. Nimeshika patasi hapa Keko tangu mwaka 1989 na hayo matatu yote nimeyafanya, la bawaba nimelifanya kwenye kabati la mteja. Kwa hiyo usione haya.

Toa hilo boksi, zimwage biti mezani, uziangalie midomo. Usiangalie rangi. Rangi ya dhahabu ni mpako mwembamba tu, ukishainoa mara moja pale mdomoni haupo tena, na siku hizi hata chuma cha ovyo kinapakwa. Mdomo ndio unasema.

Utaona kuna zenye kipande kidogo cha kijivu kimechomelewa pale kichwani, na kichwa chenyewe ni kipana kuliko shingo. Hizo ni za zege. Kile kipande ni kigumu sana lakini hakina makali, ukikipitisha kwenye kucha hakikwangui kitu. Kazi yake ni kuponda mawe huku drili inagonga. Ukikiweka kwenye mbao kinasugua tu, na mbao ikisuguliwa inatoa moto, babu zetu walikuwa wanawashia hivyo hivyo. Nina hakika moshi wako ulitoka hapo. Na kama ile swichi yenye alama ya nyundo ulikuwa umeiacha kwenye kugonga, ndiyo kabisa.

Kuna zenye mdomo wa kona mbili, umechongoka kama paa la nyumba. Hizo ni za chuma, nyingi zimeandikwa HSS shingoni. Hizi kwenye mbao zinakwenda, msikubali mtu awaambie haziruhusiwi. Kwa matundu madogo, milimita 2 mpaka 4, mimi natumia hizi hizi kila siku. Ubaya wake ni kwamba hazina kitu cha kuzishika katikati. Unaziweka kwenye alama, zinateleza zinafuata mshipa laini wa mbao, tundu linahama. Ukizitumia, anza na msumari, gonga kashimo kadogo pa kuanzia.

Halafu kuna zenye sindano katikati na pembe mbili pembeni, kama kichwa cha mbuzi. Hizo ndizo za mbao. Chukua moja ya milimita 8, ibonyeze kwa mkono kwenye kipande cha mninga na uizungushe kwa vidole bila drili. Ukiiondoa utaona nukta katikati na duara jembamba limechorwa kuizunguka. Pembe zinakata nyuzi za mbao pembeni kwanza, ndipo makali ya katikati yanazoa. Ndiyo maana mdomo wa tundu unatoka safi. Ile ya chuma inaanza kuzoa katikati, pembeni inachana.

Sasa skrubu. Mninga si paina, Mwalimu. Lazima utangulize tundu. Kipimo hakihitaji jedwali: ishike skrubu mbele ya dirisha, weka biti mbele yake. Biti ikificha kiini cha skrubu chote, na ukaona meno tu yamechungulia huku na huku, hiyo ndiyo yenyewe. Kwa skrubu ya milimita 4 kwenye mninga au mkongo utajikuta kwenye biti ya 3. Kwenye paina nenda 2 au 2 na nusu. Ubao wa juu, ule unaoshikizwa, utoboe kwa 4 na nusu ili skrubu ipite huru na isitafute meno humo. Wengi hawafanyi hivyo, ndiyo maana mbao mbili hazibanani hata ukaze mpaka uchoke. Skrubu yenyewe isugue kwenye mshumaa kwanza. Sabuni nayo inasaidia lakini inavuta unyevu, baada ya muda skrubu inashika kutu.

Bawaba sasa. Kosa lako siyo mkono. Itazame ile biti bapa, ule mkuki wa katikati una urefu gani? Pima. Nyingi unakaribia milimita 15. Kikombe cha bawaba kinataka kina cha kama 12. Kumi na mbili ujumlishe na mkuki, kwenye mbao ya 16? Ungetoka tu, hata angekuwa nani. Biti bapa ni ya matundu yanayopita upande wa pili, ya mabomba na nyaya.

Kikombe kina biti yake, ya duara, yenye ukingo unaokata na sindano fupi sana katikati. Madukani ulizia Forstner ya 35. Ni jina la mtu, Benjamin Forstner, fundi bunduki wa Marekani aliyeisajili mwaka 1874. Inaacha sakafu tambarare kama sahani. Hata hiyo, kwenye mbao ya 16 usilale: sindano yake nayo inashuka milimita chache zaidi ya sahani. Iendeshe kwa gia namba 1, polepole, inyanyue kila baada ya sekunde kadhaa maranda yatoke. Ukisikia harufu ya kuungua, umeikimbiza au imekuwa butu.

Na usinunue boksi jingine. Nunua moja moja: ya 3, ya 4 na nusu, ya 6, ya 8 yenye pembe, hiyo ya 35, na ile fupi yenye umbo la koni ya kufukia kichwa cha skrubu. Biti sita. Nenda na kipande cha mninga mfukoni na umwombe muuzaji ajaribu mbele yako. Akikataa, toka.

---

Mkata Paina (Mafinga):

Babu umesema kweli ila unamgharimia Mwalimu. Huku kwetu mbao ni paina za Sao Hill, biti ndogo zikikatika hatuendi dukani. Tunachukua msumari wa ukubwa unaotakiwa, tunaukata kichwa, tunauchonga ncha bapa kidogo kwa tupa, tunaukaza kwenye drili. Tundu la skrubu linatoka bila shida, na msumari haukatiki, unapinda tu.

---

Babu Patasi (Keko):

Kwenye paina nakuunga mkono, nami nimefanya. Kwenye mninga msumari hauna pa kutolea unga, unasukuma pembeni, na kusukuma pembeni ndiko kulikompasulia Mwalimu mbao.

---

Mwalimu wa Kihonda:

Babu, Mungu akuweke. Nimemwaga boksi mezani. Katika biti kumi na tatu, nne zina kile kipande cha kijivu, na ya milimita 8 niliyotumia ni mojawapo 🤦 Zenye pembe za mbuzi zipo tatu, sikuwahi hata kuzigusa maana niliona zimekaa kama zimevunjika ncha.

Na mkuki wa biti bapa nimepima: milimita 14.

Maswali mawili ya mwisho. Nikitoboa tundu linalopita, upande wa pili unachanika vibaya hata kwa hizi zenye pembe. Na ile skrubu iliyokatikia ndani naitoaje?

---

Babu Patasi (Keko):

Kuchanika: toboa mpaka uone ile sindano imechungulia upande wa pili, kijitundu tu. Acha. Geuza mbao, weka sindano kwenye kile kijitundu, malizia kutokea huku. Kama mbao haigeuziki, kama ukiwa kwenye fremu iliyokwisha simama, bana kipande cha ubao wa kutupa kwa nyuma, ukibane hasa, kusiwe na nafasi hata ya karatasi.

Skrubu iliyokatika: tafuta antena ya redio mbovu, ile ya kuvuta. Kata kipande chenye tundu ambalo skrubu inaingia, kichonge meno manne matano mdomoni kwa tupa ndogo. Kifunge kwenye drili, endesha kinyume polepole, kizungushie ile skrubu. Kitakata mbao pembeni yake, kisha unaivuta kwa koleo pamoja na kishina cha mbao. Pale palipobaki, chonga kijiti cha mninga, kipake gundi, kigonge, kesho yake kisawazishe kwa patasi. Hakikisha mistari ya kijiti inalala sawa na ya mbao, la sivyo kitaonekana kama chunjua.

Na uvae barakoa. Vumbi la mninga linakamata kifua, nami nilidharau miaka mingi.

---

Bint wa Nungwi:

Assalaam alaykum. Mie si fundi, mzee wangu ndiye alikuwa akiunda majahazi hapa Nungwi. Nimecheka niliposoma habari ya mkuki wa katikati, maana keekee yake, ile drili ya mkono, ilikuwa chuma bapa kilichochongwa ncha ya mkuki vile vile, kimetiwa kwenye msukano, yaani mti wake wa kuzunguka, na kamba ya uta imezungushwa hapo mara moja. Anavuta uta kwenda na kurudi, chuma kinakata kote kuwili. Hakuna msumari uliogongwa kwenye ubao wa chombo bila kutangulizwa keekee, maana ubao ukipasuka hapo bahari haina huruma.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kupuliza unga kwenye tundu. Akiona unga umetoka mweusi anasimama, anatoa kile chuma, anakwenda kukinoa. Hatoboi tena mpaka kikate. Umeme alikuja kuutumia uzeeni, na bado alikuwa akiuangalia unga.

---

Mwalimu wa Kihonda:

Shukrani dada. Jana jioni nimejaribu kwenye kipande, ya milimita 8 yenye pembe, gia namba 1, bila kugonga. Yametoka maranda mekundu yaliyojikunja, siyo unga. Mama watoto amekuja kuangalia, akauliza mbona leo hakuna moshi.

Forstner ya 35 nimeipata mjini, nimelazimisha ijaribiwe pale pale kaunta. Muuzaji alinuna lakini alijaribu. Nimefunga utepe kwenye shingo yake kuweka alama ya kina, halafu nikaona haufai, sahani ni pana na utepe hauonekani vizuri, kwa hiyo napima kwa kikombe cha bawaba chenyewe, natoboa kidogo, nakiweka, natoboa tena. Milango minne imekwisha.

Ule uliotoboka sijui niufanyeje, kitundu kiko mbele kabisa, usawa wa macho.

---

Babu Patasi (Keko):

Kipanue kwa biti ya 8, uweke kishikio hapo.

---

Mwalimu wa Kihonda:

Kiko upande wa bawaba, Babu.

---

Babu Patasi (Keko):

Basi geuza mlango. Ufanye wa upande wa pili wa kabati, bawaba ihamie upande ule mwingine. Matundu ya vikombe vya zamani yatabaki ndani, uyazibe kwa vipande vya mninga. Ukiweka kishikio mbele na kingine kama hicho kwenye milango yote, usawa ule ule, hakuna atakayejua isipokuwa sisi humu.