Nyumba ya marehemu mama pale Katonga maji yameifikia: niuze au nijenge ukuta?

Kijana wa Mwaloni
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri wa haraka maana usingizi umekata.

Nina nyumba Katonga, hapa Kigoma, upande wa ziwani. Vyumba vinne, tofali za kuchoma, bati bado zima. Alijenga marehemu mama kwa biashara ya dagaa. Enzi hizo kutoka barazani hadi majini unapita mchanga mpaka nyayo zinaungua. Tangu miaka ya 2020 ziwa linapanda, likishuka kidogo linarudi na nguvu zaidi. Sasa hivi likichafuka, mawimbi yanagonga msingi wa jiko. Mwembe wa mama uko majini, umekauka upande mmoja. Viroba vya mchanga tunapanga jioni, asubuhi vimepasuka.

Kuna bwana mmoja kutoka Kasulu anaitaka kwa milioni saba. Fundi ananiambia ukuta wa mawe hautapungua milioni nne. Niuze au nijenge? Naomba majibu ya kikubwa, matusi sitaki.

Reli ya Kati
Uza kabla huyo bwana hajapata akili. Milioni saba kwa nyumba ambayo samaki kuhe anaweza kupiga hodi jikoni?

Mzee wa Bangwe
Mwanangu, usiyakimbie maji. Mwaka 1964, baada ya zile mvua kubwa, ziwa lilipanda hivi hivi, watu wakahamia juu, baadaye likarudi lenyewe. Tanganyika inaingiza maji ya Malagarasi, Ruzizi na vijito visivyo na idadi, lakini pa kutokea ni mahali pamoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Mvua zikizidi, maji yanakaa.

Marehemu baba alikuwa na michikichi kule Simbo. Mwaka mmoja akataka kuuza shamba kwa sababu mawese yalishuka bei. Mama akamficha karatasi. Mwaka uliofuata mawese yakapanda, mzee akawa anasimulia kijiweni kwamba ni yeye aliyekataa kuuza.

Mama Wawili Gungu
Mzee wa Bangwe shikamoo. Sasa shamba la michikichi linahusiana nini na viroba?

Kaka, mimi nauliza choo kiko wapi. Maji yakiingia shimoni na watu wanachota ziwani hapo hapo, mnasubiri kipindupindu. Chemsheni maji. Watoto wasiogelee kwenye yale matete yaliyosimama majini, kichocho kinapatikana huko.

Kijana wa Mwaloni
Choo kiko nyuma, kimeanza kujaa kutoka chini. Asante dada. Ila swali langu ni kuuza au kujenga.

Shahidi wa Pili
Mtoa mada, umesema "nina nyumba", halafu ukasema ya marehemu mama. Msimamizi wa mirathi ni nani? Mko wangapi? Na mle ndani anaishi nani?

Kijana wa Mwaloni
Mirathi ni mambo ya ndani ya familia. Mimi ndiye mtoto wa kiume pekee.

Shahidi wa Pili
Sijauliza jinsia. Nimeuliza nani anaishi ndani.

Mgebuka Mkavu
Hapo kwenye "mambo ya ndani ya familia" ndipo mzigo ulipo. Nimevuta kigoda.

Kijana wa Mwaloni
Anaishi dada yangu mkubwa na wanawe. Amekaa kwa muda tu, tangu mama anaumwa. Ana haki ya kukaa, sijamkatalia. Ila nyumba ikianguka itamwangukia yeye, kwa hiyo kuuza ni kumsaidia. Nitampangishia chumba Mwanga, huku juu maji hayafiki.

Mama Wawili Gungu
Subiri kwanza. Ndiye aliyemuuguza mama?

Kijana wa Mwaloni
Ndiyo.

Mama Wawili Gungu
Na anajua unauza?

Kijana wa Mwaloni
Nitamwambia. Mnamjua nyie? Akisikia atalia mtaa mzima usikie, kila siku wazee wataitwa. Na kama ni dini, mafungu yangu ni mawili, lake ni moja. Sijadhulumu mtu.

Ustadh wa Ujiji
Mafungu mawili kwa matatu siyo matatu kwa matatu, sheikh. Kwanza lipeni madeni ya marehemu na wasia kama upo, ndipo mgawane, na mgawane mbele ya watu. Fungu la dada yako huna ruhusa ya kulibeba mfukoni ukamkatia kodi ya chumba.

Shahidi wa Pili
Hata dini tukiiweka pembeni. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, nendeni Mahakama ya Mwanzo iteue msimamizi. Bila barua ya usimamizi saini yako haiuzi kitu. Usikimbilie Baraza la Kata ukadhani litakumalizia, tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halina tena mamlaka ya kuamua.

Halafu kuna jambo hakuna aliyeligusa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa limeifuata nyumba, mita hizo hazipo tena. Huyo bwana wa Kasulu anataka kufanya nini hapo?

Kijana wa Mwaloni
Anataka nyumba ya wageni. Ni mtu mzima, amekuja, ameyaona maji kwa macho yake.

Shahidi wa Pili
Alikuja lini? Mwezi gani?

Kijana wa Mwaloni
Kiangazi. Jamani mnanihoji kama polisi. Maji nayajua mimi. Mwaka 2024 mwezi wa saba natoka ziwani alfajiri na dagaa wangu, nakuta yameingia jikoni, sufuria zinaelea.

Karabai
CHAI HII.

Ziwa lilifungwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wazaliane. Sisi wenye vipe vya kuvulia dagaa tulikaa nyumbani tukihesabu bati. Wewe mwezi wa saba ulitoka ziwani na dagaa gani? Halafu kilele cha maji ni mwishoni mwa masika, Aprili na Mei. Julai yanakuwa yameanza kushuka. Huyu yuko Dar anatunga.

Mgebuka Mkavu
Nilijua tu! Uzi hauna hata picha ya kiroba. Mwembe, mama, dada analia, kilichobaki ni mganga.

Reli ya Kati
Mwacheni. Labda alivua usiku, doria wakiwa wamelala.

Kijana wa Mwaloni
Mwezi wa nne, mwezi wa saba, maji yaliingia jikoni. Mimi siyo karani wa tarehe.

Karabai
Dagaa je?

Kijana wa Mwaloni
Dagaa siwezi kueleza hapa.

Karabai
😂😂 Haya, nimeanza kuamini.

Mzee wa Bangwe
Katonga nyumba za namna hiyo zipo, msimwite mwongo. Juzi nimepita nimeona chanja za dagaa maji yako chini yake, akina mama wanageuza dagaa wamekunja kanga magotini.

Shahidi wa Pili
Chai au siyo chai, swali moja ajibu. Mtoa mada, umeshapokea kitu kwa huyo mnunuzi?

Mama Wawili Gungu
Yuko kimya.

Mgebuka Mkavu
Anachungulia tu, nimemwona yupo hewani.

Kijana wa Mwaloni
Nimepokea milioni mbili. Tumeandikishana kwa shahidi mmoja. Nimenunua mashine ya boti, kwa sababu mashine inazalisha na nyumba inaliwa na maji. Nikipata giza mbili nzuri za dagaa, yaani vipindi viwili visivyo na mbalamwezi, namrudishia dada fungu lake na faida. Nani kati yenu angeacha hela kwa ajili ya nyumba inayozama?

Ustadh wa Ujiji
Kumbe uliuliza niuze au nisiuze na umeshauza.

Kijana wa Mwaloni
Sijauza. Nimepokea kianzio.

Shahidi wa Pili
Nenda kwa dada yako leo, kabla ya huyo bwana kupeleka fundi wake. Mnunuzi akigundua hakuna msimamizi wa mirathi na kibali cha ujenzi hapati, atadai hela yake yote, na maandishi unayo wewe na yeye.

Kijana wa Mwaloni
Dada amenipigia mwenyewe sasa hivi. Kumbe wiki iliyopita watu walikuja na futi kamba wakapima uwanja, akawauliza, wakamwambia. Amekaa kimya ananitazama tu siku zote hizi. Kikao ni Ijumaa baada ya swala, kwa baba mdogo, Ujiji.

Mama Wawili Gungu
Dada yako nampenda bila kumjua.

Reli ya Kati
Mkuu, hiyo mashine farasi ngapi?

Kijana wa Mwaloni
Kumi na tano. Haiuzwi.

Reli ya Kati
Nitakuuliza tena Jumamosi.