Dar hadi Kigoma na bibi: SGR, TAZARA au treni ya zamani?

Mjukuu wa Ujiji: Shikamooni wakubwa. Nampeleka bibi yangu nyumbani Kigoma. Magoti yanamsumbua, hawezi kupanda basi. Mmoja kaniambia nipande SGR, ile treni mpya ya umeme, halafu niunganishe Dodoma, mwingine kasema TAZARA. Zote si za serikali? Nishike ipi?

Abiria wa Moro: SGR mdogo wangu! Umeme, spidi hadi kilomita 160 kwa saa. Dodoma mnafika hamjachoka.

Mtoto wa Kwota, Tabora: Marahaba. Mimi nimezaliwa kwota za reli, baba alikuwa stesheni masta, kwa hiyo nisikilize vizuri.

TAZARA iondoe. Ni ya serikali mbili, yetu na ya Zambia, na inapita Mbeya kwenda New Kapiri Mposhi. Kigoma haifiki kabisa.

TRC, Shirika la Reli Tanzania, ndiyo yenye SGR na reli ya kati, ile ya zamani. Zamani RAHCO ilimiliki njia na TRL ikaendesha treni. Sheria ya 2017 ikaziunganisha, jina la TRC likarudi. Lakini shirika kuwa moja hakufanyi reli kuwa moja. Ya zamani, iliyofika Kigoma 1914, ina upana wa mita moja. SGR ni milimita 1,435. Behewa la huku halipiti kule, na abiria wa SGR kwa sasa wanaishia Dodoma. Hapo utamshusha bibi na mizigo yake, umhamishie stesheni ya zamani mjini, mkae kungoja. Kwa magoti yale? Hapana.

Mkatie treni ya kawaida tangu Dar, daraja la pili kulala. Chumba kina vitanda sita. Mwombee cha chini. Ila wanaume na wanawake hawachanganywi chumba, labda mnunue chumba kizima. Wewe ni wa kike au wa kiume?

Kama ni masika, ulizia kwanza njia ya Kilosa na Gulwe. Mto Mkondoa umewahi kuizoa.

Na mkifika stesheni ya Saranda, mnunulie kuku. Baba hakuwahi kupita pale mikono mitupu.

Mjukuu wa Ujiji: Wa kiume, kaka. Basi dada yangu atalala na bibi, mimi nitakaa behewa la jirani. Nilipomtajia Saranda bibi kacheka, akauliza kama kuku bado wanauzwa dirishani.

Mtoto wa Kwota, Tabora: Mwambie wapo. Mkifika Tabora nijulishe, nije nimwamkie.