Wana Tabora, shule za kata zetu tunazilinganishaje?

Wadau habari zenu. Juzi kwenye grupu la wazazi mtaani kwetu umezuka ubishi, jamaa kaja na msimamo kwamba sekondari ya kata yao ndo bora Manispaa nzima kisa ufaulu wa fom foo umevuka asilimia 90, basi watu wakaanza kuulizana taratibu za uhamisho. Mimi napinga kabisa.

Hiyo asilimia inajumlisha divisheni wani mpaka foo, yaani wote ambao hawakupata ziro, na foo unaipata hata kwa D mbili tu. Chukulia shule mbili zenye watahiniwa mia mia. Ya kwanza wani mpaka thrii 40, foo 45, ziro 15. Ya pili wani mpaka thrii 6, foo 86, ziro 8. Kwa asilimia ya pili ndo inashinda, 92 kwa 85, lakini wenye matumaini ya kidato cha tano ni watoto sita! Unamhamishia mwanao huko?

Halafu ukifungua matokeo usiishie kwenye kale kajedwali ka juu, shuka mpaka kwenye majina ya masomo uone B/MATH - 'F' (hesabu, kafeli), B/MATH - 'F', unashuka tu. Mtoto hesabu kaisoma kwa Kiswahili mpaka la saba, kafika fom wani anaikuta kwa Kiingereza, mwalimu wa somo mwenyewe pengine ni wa kujitolea anayelipwa na michango yetu, sasa shule yenye walimu wa hesabu watatu tunailinganishaje na hiyo?

Na tafadhali msilete Tabora Boys na Tabora Girls hapa, zile ni za vipaji maalumu, zinachukua waliochujwa nchi nzima. Shule ya kata inapokea watoto wa jirani, wa kila kiwango.

Kingine kinachoniuma ni wanaopotea njiani. Matokeo ya fom tuu nayo Baraza la Mitihani (NECTA) wanayaweka, kwa hiyo angalia shule ilikuwa na wangapi fom tuu, kisha hesabu waliokaa mtihani wa fom foo miaka miwili mbele. Wapo waliohama na waliokariri darasa, sawa, ila pengo likiwa kubwa lazima tuulize hao watoto wako wapi, hasa mabinti, maana asiyefanya mtihani haharibu asilimia ya mtu.

NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023 na mimi niliwaunga mkono, ila naona sisi wazazi tunaendelea na kumi bora zetu za mdomoni.

Kwa hiyo anayesema shule fulani ni bora aweke hapa wani mpaka thrii wangapi, fom tuu walikuwa wangapi, na walimu wa hesabu na sayansi wangapi. Wa Isevya, Ipuli, Cheyo, Ng'ambo, anzeni nyie.